Kingamwili ya monokloni ya kutambua ERK iliyotiwa fosfeti: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na maabara za Dodoma

Ukurasa huu unawahusu wanafunzi wa uzamili, wateknolojia wa maabara na watafiti wa Dodoma na mikoa jirani wanaotumia, au wanaokusudia kuagiza, kingamwili ya monokloni inayoitambua protini ya binadamu iitwayo ERK pale tu inapokuwa imetiwa fosfeti. Maswali haya ni yale ambayo watu wameniuliza wakiwa na pipeti mkononi, au wakinionyesha kwenye simu picha ya utando usioeleweka. Majibu hayalingani urefu, kwa sababu mengine yanakwisha kwa sentensi mbili, na mengine yanahusu makosa yanayoweza kumpotezea mtu miezi ya kazi.

ERK ni nini, na kwa nini tunaitafuta ikiwa imetiwa fosfeti?

ERK ni jina la vimeng'enya viwili vinavyofanana sana, ERK1 na ERK2, ambavyo kazi yake ni kupokea habari iliyotoka nje ya seli na kuifikisha kwenye kiini. Kichocheo cha ukuaji kinaposhikana na kipokezi chake juu ya seli, kipokezi huiamsha protini iitwayo Ras, Ras huiamsha Raf, Raf huiamsha MEK, na MEK huipachika ERK fosfeti mbili, moja kwenye asidi amino ya threonini na nyingine kwenye tairosini. Katika ERK1 ya binadamu fosfeti hizo hukaa kwenye nafasi ya 202 na ya 204, na katika ERK2 hukaa kwenye nafasi ya 185 na ya 187.

Bila fosfeti hizo ERK huwa tele ndani ya seli lakini imetulia. Anayepima jumla ya ERK peke yake ni kama anayehesabu bodaboda zilizoegeshwa kijiweni bila kujua ni ipi iliyopata abiria: idadi anaipata, safari haioni. Njia hii ya ishara huchunguzwa sana katika utafiti wa saratani, kwa kuwa mabadiliko katika jeni za RAS na BRAF yanaweza kuiacha ikiwa imewaka wakati wote. Badiliko la BRAF kwenye nafasi ya 600, kwa mfano, hupatikana katika takribani nusu ya saratani za ngozi za aina ya melanoma.

Monokloni maana yake ni nini?

Maana yake ni kwamba kingamwili zote zilizomo ndani ya kichupa zimetokana na ukoo mmoja wa seli, hivyo zote hushika sehemu ileile ya protini, ambayo huitwa epitopu. Mbinu ya kuzitengeneza ilichapishwa mwaka 1975 na Georges Köhler na César Milstein wakiwa Cambridge, Uingereza, na mwaka 1984 wawili hao walipata Tuzo ya Nobel pamoja na Niels Jerne. Panya huchanjwa kwa kipande cha protini, seli B huchukuliwa kutoka kwenye bandama yake, kisha huunganishwa na seli za saratani ya uboho ambazo hazichoki kugawanyika. Seli inayozaliwa, yaani haibridoma, hurithi ufundi wa kutengeneza kingamwili kutoka upande mmoja na uhai mrefu kutoka upande wa pili.

Kingamwili ya polikloni ni tofauti, kwa sababu hutoka kwenye seramu ya mnyama mzima na ndani yake mna mchanganyiko wa kingamwili nyingi. Mnyama akifa, mchanganyiko ule haupatikani tena. Siku hizi zipo pia kingamwili za monokloni ambazo mfuatano wa jeni zake umesomwa na ambazo hutengenezwa kutokana na mfuatano huo badala ya kutegemea haibridoma. Kama bajeti inaruhusu, chagua hizo. Haibridoma inaweza kupoteza jeni zake, na baadhi hutoa minyororo ya ziada ya kingamwili isiyotakiwa, lakini mfuatano ulioandikwa haubadiliki kati ya bechi na bechi.

Je, haiwezi kuichanganya ERK na protini ndugu zake?

Inaweza, na mtu asiyeuliza swali hili kabla ya kuagiza atalazimika kuliuliza baada ya kupata matokeo. ERK ina ndugu wa karibu, JNK na p38, ambazo nazo hutiwa fosfeti mbili kwenye threonini na tairosini zilizotenganishwa na asidi amino moja tu. Katika ERK asidi hiyo ya katikati ni glutamati, katika JNK ni prolini, na katika p38 ni glisini. Kwa hiyo kingamwili nzuri haina budi kutambua fosfeti zenyewe pamoja na majirani zake, na mtengenezaji makini huonyesha kwenye karatasi ya maelezo kwamba aliijaribu dhidi ya JNK na p38 zilizotiwa fosfeti. Kama karatasi haisemi lolote kuhusu ndugu hao, andika barua pepe uulize kabla ya kulipa.

Kutofautisha ERK1 na ERK2 ni jambo jingine. Protini hizi mbili zinafanana kwa takribani asilimia 84, na eneo linalotiwa fosfeti linafanana kiasi kwamba kingamwili nyingi huzitambua zote mbili, nawe huzitofautisha kwa uzito.

Kwa nini naona mistari miwili kwenye Westani bloti?

Ndivyo inavyotakiwa iwe. Westani bloti hutenganisha protini kwa uzito ndani ya jeli, kisha huzihamishia kwenye utando ambapo kingamwili huzionyesha kama mistari. Mstari wa juu, karibu na kilodaltoni 44, ni ERK1, na wa chini, karibu na 42, ni ERK2. Katika seli nyingi mstari wa chini huwa mzito zaidi. Kama unaona mmoja mnene tu, jeli yako haikuzitenganisha vya kutosha. Iache iendelee kukimbia kwa muda mrefu kidogo.

Sioni mstari wowote. Je, kingamwili imeharibika?

Inawezekana, lakini ukiniuliza mimi nitaanza kukuuliza kuhusu sampuli kabla ya kukigusa kichupa. Fosfeti kwenye ERK ni kitu cha dakika. Ndani ya seli mna vimeng'enya viitwavyo fosfatesi ambavyo kazi yake ni kuziondoa, na havisiti eti kwa sababu wewe umeanza kuvuna. Seli nyingi zikipewa kichocheo cha ukuaji cha EGF hufikia kilele cha fosfeti baada ya dakika 5 hadi 10, kisha ishara huanza kushuka. Mtu aliyevuna baada ya saa mbili kwa sababu ratiba ya basi la chuo ilimlazimu asishangae akikuta utando mweupe.

Nilipata kumsimamia mwanafunzi aliyekuwa na sahani sita za seli za HeLa, yaani seli za binadamu zinazokuzwa maabarani, mchana wa Oktoba ambapo kipozahewa cha chumba kilikuwa hakifanyi kazi. Alizipa seli kichocheo kwa dakika 5 barabara, akamwaga majimaji, akaziosha kwa bafa iliyokuwa mezani tangu asubuhi, na kabla hajaweka bafa ya kupasulia seli akaitwa mlangoni kusaini karatasi za mzigo. Alirudi haraka tu. Sahani mbili alizokuwa amezimalizia kabla ya kuitwa zilitoa mistari myeusi iliyokolea. Kati ya nne zilizobaki, tatu zilitoa vivuli hafifu, na moja haikutoa kitu. Kichupa kilikuwa kimoja, na utando ulikuwa mmoja. Tangu siku hiyo huwa namwomba kila mgeni aandike kwenye daftari dakika na sekunde kati ya kumwaga majimaji na kupasua seli, na aandike kwa kila sahani peke yake.

Basi fanya hivi. Weka sahani juu ya barafu mara tu muda wa kichocheo unapotimia. Osha kwa bafa iliyopozwa hadi nyuzi 4, na uwe na haraka. Bafa ya kupasulia seli iwe na vizuizi vya fosfatesi, kwa kawaida othovanadeti ya sodiamu na floridi ya sodiamu, pamoja na vizuizi vya protiesi, yaani vimeng'enya vinavyokata protini, na vizuizi hivyo viongezwe siku ileile ya kazi. Kama maabara haina vizuizi kabisa, mimina bafa ya sampuli yenye SDS, ambayo ni sabuni kali, ikiwa ya moto moja kwa moja kwenye sahani, kwangua, kisha chemsha. Joto na SDS huviua vimeng'enya vyote papo hapo. Njia hii haina umaridadi, na utashindwa kupima kiasi cha protini kwa baadhi ya vipimo vya kawaida, lakini fosfeti hubaki mahali pake.

Kosa la pili ni kutozinyima seli seramu kabla ya jaribio. Seramu imejaa vichocheo, hivyo seli zisizonyimwa huwa zimekwisha kuwaka, na tofauti kati ya zilizochochewa na zisizochochewa hupotea. Kosa la tatu huwapata hata wazoefu: kingamwili ya kwanza imetoka kwa sungura, nayo kingamwili ya pili, ile ya kuishika ya kwanza ili mstari uonekane, iliyochukuliwa kwenye jokofu ni ya kutambua kingamwili za panya. Soma lebo mbili hizo kwa sauti kabla ya kumimina.

Nitathibitishaje kwamba ninachokiona ni ERK kweli?

Kwa sampuli linganishi, ambazo maabarani wengi huziita kontroli. Usipime sampuli yako ya thamani bila kuwa na angalau tatu: seli zilizonyimwa seramu, seli zilizonyimwa kisha zikachochewa kwa EGF, na seli zilizopewa kizuizi cha MEK, mfano U0126, kabla ya kuchochewa. Ya kwanza itoe mistari hafifu, ya pili mistari iliyokolea, na ya tatu irudi kuwa hafifu. Mpangilio huo ukitokea, umejua mambo mawili kwa mpigo, kwamba kingamwili inaona ERK iliyotiwa fosfeti na kwamba uvunaji wako ulikuwa sahihi. Usipotokea, hakuna haja ya kupima sampuli nyingine.

Kisha pima jumla ya ERK kwa kingamwili nyingine isiyojali fosfeti. Mstari uliofifia unaweza kumaanisha kwamba ishara imeshuka, au kwamba uliweka protini kidogo kwenye kisima kile. Bila jumla ya ERK huwezi kusema ni lipi.

Mwaka 2016 kikundi cha kimataifa cha wanasayansi kilipendekeza nguzo tano za kuthibitisha kingamwili: kuiondoa au kuipunguza jeni ya protini husika, kulinganisha na mbinu isiyotumia kingamwili, kulinganisha na kingamwili nyingine inayoshika epitopu tofauti, kutumia protini iliyowekewa alama, na kuinasa protini kisha kuitambua kwa spektrometa ya masi. Maabara ndogo haiwezi zote, nayo haihitaji zote. Lakini tahadhari kuhusu hiyo nguzo ya tatu: kampuni kadhaa huuza kloni moja, yaani kingamwili ya ukoo uleule wa seli, chini ya majina na namba tofauti za katalogi. Ukinunua vichupa viwili kwa wauzaji wawili na vyote vikawa vya kloni ileile, umeuliza shahidi mmoja mara mbili. Tazama jina la kloni.

Mzigo umefika kwa basi kutoka Dar es Salaam na barafu imeyeyuka. Nifanyeje?

Usiitupe. Kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma ni kama kilomita 450, na hata baada ya treni ya umeme kuanza safari zake mwaka 2024, mizigo mingi midogo bado husafirishwa kwenye buti la basi na kupokelewa Stendi ya Nanenane. Nimewahi kufungua boksi jeupe la povu pale stendi na kukuta vifuko vya barafu vimekuwa maji ya uvuguvugu na kichupa kidogo cha mikrolita 100 kikielea ndani ya mfuko wake. Kingamwili ya aina ya IgG ni protini imara, na ikiwa ndani ya gliseroli huvumilia siku chache za joto la kawaida bila madhara makubwa. Kinachoiumiza zaidi ni kuganda na kuyeyuka mara kwa mara.

Andika tarehe, saa na hali ya barafu kwenye lebo. Zungusha kichupa kwenye sentrifuji kwa sekunde chache kabla ya kukifungua, kwa sababu gliseroli hunata kwenye kifuniko na mikrolita 10 zilizonata pale ni hasara. Halafu ipime bechi mpya kwenye utando mmoja na bechi ya zamani, kwa sampuli linganishi zilezile. Zikilingana, endelea na kazi. Ushauri wangu kwa wanaoagiza ni kupanga mzigo ufike kati ya Jumatatu na Jumatano, ili usilale stendi wikiendi nzima.

Niihifadhi wapi, hasa umeme unapokatika?

Fuata karatasi ya maelezo. Iliyo ndani ya gliseroli asilimia 50 hukaa kwenye nyuzi hasi 20 bila kuganda, na hiyo haina haja ya kugawanywa katika vichupa vidogo. Isiyo na gliseroli ndiyo ya kugawanywa, ili kila kichupa kigande na kuyeyuka mara moja tu.

Friza zinazojiyeyusha barafu zenyewe hazifai, kwa sababu hupandisha joto kila mara ili kuondoa barafu ukutani, na kila mpando unaigusa kingamwili. Friza ya kawaida yenye barafu nene kuukuu ni bora zaidi. Weka vichupa ndani ya boksi la povu lililozungukwa na vifuko vya barafu humohumo kwenye friza. Umeme ukikatika, boksi hilo hukununulia saa kadhaa, mradi hakuna anayefungua mlango kuchungulia. Katika maabara mojawapo niliyofanya kazi, jenereta haikuwashwa wikiendi nzima kwa sababu kila mmoja alidhani mwenzake ana ufunguo, na Jumatatu tulipoteza vimeng'enya vyote. Kingamwili zilizokuwa ndani ya boksi la povu, zikiwa kwenye gliseroli, tulizipima upya na zikafanya kazi.

Naweza kuzuia utando kwa maziwa ya unga?

Kuzuia ni kuziba nafasi tupu za utando ili kingamwili isinate ovyo. Kwa jumla ya ERK, ndiyo. Kwa ERK iliyotiwa fosfeti napendekeza albumini ya ng'ombe, asilimia 5, ndani ya bafa ya Tris yenye Tween. Maziwa yana kasini, ambayo yenyewe ni protini yenye fosfeti, na kwa baadhi ya kingamwili huongeza ukungu kwenye picha. Albumini ni ghali, nalielewa hilo vizuri. Unaweza kuzuia kwa maziwa na kuzimua kingamwili kwa albumini, lakini jaribu kwanza kwenye utando wa mazoezi. Bafa zote zitengenezwe kwa maji yaliyotoneshwa. Maji ya bomba yanayoacha ukoko mweupe ndani ya birika hayafai.

Nizimue kwa kiwango gani?

Anza na 1 kwa 1,000, usiku kucha kwenye nyuzi 4, ukiwa na mikrogramu 20 hadi 30 za protini kwa kila kisima. Ukungu ukizidi, nenda 1 kwa 2,000.

Nina vipande vya uvimbe kutoka chumba cha upasuaji. Inafaa?

Inafaa ikiwa karatasi ya maelezo inataja tishu zilizohifadhiwa kwa fomalini na nta, na ikiwa unajua kipande kilikaa muda gani kabla ya kutumbukizwa. Hapa ndipo tafiti nyingi za vipande vya kumbukumbu huanguka. Fomalini hupenya tishu polepole, kwa kadirio la kawaida kama milimita 1 kwa saa, na wakati huo wote fosfatesi za katikati ya kipande zinaendelea na kazi. Matokeo yake pembeni hung'aa rangi ya kahawia, ambayo ndiyo ishara, na katikati hubaki buluu, na msomaji asiyejua huandika kwamba uvimbe una ishara pembezoni tu. Huenda ni kweli. Huenda ni fomalini.

Kaa na muuguzi wa chumba cha upasuaji na mteknolojia wa patholojia kabla ya utafiti kuanza, mkubaliane nani anaandika saa ya kukatwa na saa ya kutumbukizwa. Kata vipande vyembamba. Wakati wa kupaka rangi, rejesha antijeni kwa joto, yaani ifichue epitopu iliyofunikwa na fomalini, kama karatasi inavyoelekeza, mara nyingi kwa bafa ya sitreti yenye pH 6. Ndani ya uvimbe uleule tafuta seli za mishipa ya damu au za viunganishi ambazo mara nyingi huwa na ishara. Hizo ni sampuli linganishi uliyopewa bure. Na kwa kuwa ni tishu za binadamu, kibali cha maadili, cha chuo au cha kitaifa kupitia NIMR (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu), kitangulie kipande cha kwanza.

Je, tunaweza kutumia matokeo haya kumwamulia mgonjwa tiba?

Hapana. Kingamwili iliyoandikwa kwamba ni ya utafiti tu haijapimwa wala kusajiliwa kwa ajili ya kutoa majibu ya wagonjwa. Daktari akikuuliza kwa nia njema, mwambie hivyo waziwazi, na usimpe picha aiweke kwenye faili.

Inafaa kwa kupima seli mojamoja kwa saitometa?

Kloni nyingi zinafaa, mradi seli zihifadhiwe kwa fomaldehaidi kisha zitobolewe kwa methanoli baridi. Sabuni laini peke yake mara nyingi haitoshi kuifikia epitopu hii.

Naweza kuitumia tena kingamwili niliyokwisha kuizimua?

Mara mbili tatu, ndiyo, ikiwa umeihifadhi kwenye nyuzi 4 na haijatoa harufu wala utando juu yake. Wengi huongeza azaidi ya sodiamu ili isiote bakteria. Azaidi hukizuia kimeng'enya cha peroksidesi, ambacho hutumika kuionyesha mistari, hivyo iongeze kwenye kingamwili ya kwanza tu, uoshe utando vizuri, na usiiweke kamwe kwenye kingamwili ya pili iliyobeba peroksidesi. Ni sumu, na ikimwagwa kwenye sinki lenye mabomba ya shaba au risasi hujenga chumvi zinazoweza kulipuka. Ikusanye kwenye chupa ya taka za kemikali.

Niandike nini kwenye sura ya mbinu?

Jina la kloni, mnyama ilikotoka, muuzaji, namba ya katalogi, namba ya bechi, kiwango cha kuzimua, aina ya bafa, na namba ya RRID, inayoitambulisha kingamwili hiyo kimataifa, kama ipo. Ongeza muda kati ya kichocheo na kupasua seli, na aina ya vizuizi vya fosfatesi, ingawa wahariri wengi hawaviulizi. Weka utando mzima kwenye viambatisho, bila kuukata kubakiza mistari miwili tu, ili mwenzako wa Singida au Iringa anayerudia jaribio aone na ile mistari ya pembeni ambayo kingamwili yako huitoa.